HANNINGTON, MWINDAJI WA MIMEA YA MAGOMENI

Askari aliye zamu katika mpaka wa Busia au wa Malaba hukagua magari, mizigo, vyeti na nyuso za watu. Ni nadra ainue macho juu ya mti. Lau angeinua, hasa katika miezi ya mvua, angeona kwamba mivule mikubwa iliyosalia kati ya Tororo na Ziwa haiishi peke yake. Juu ya matawi yake umeota umma mzima wa mimea midogo isiyogusa ardhi: kangaga, okidi zenye maua madogo, na vile vijani laini vinavyofunika gome mithili ya zulia. Mimea hiyo si kupe. Haiunyonyi utomvu mti unaoibeba. Imepanga nyumba tu. Hunywa maji ya mvua na ya ukungu, hujitengenezea chakula kwa nuru ya jua kama mimea mingine, na chumvichumvi inayoihitaji huipata katika vumbi na majani yanayooza kwenye panda za matawi. Katika makala haya tutaiita yote mimea ya magomeni.

Mwezi Oktoba mwaka 1885 alipita katika nchi hii mtu ambaye macho yake yalikuwa yamezoea kuinuka namna hiyo. Jina lake James Hannington. Wengi wanamjua kuwa askofu Mwingereza aliyeuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Habari za dini yake na za kifo chake makanisa yamekwisha kuziandika, wala sisi hatuna la kuongeza juu ya imani yake. Lililotuvuta kumwandika ni jambo ambalo waandishi wengi wamelitaja kwa mstari mmoja tu na kulipita: kwamba mtu huyu alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kukusanya kwa makusudi vimea vidogo kabisa vya misitu ya Afrika Mashariki, na kwamba watu wale wale waliombebea karatasi za vimea hivyo ndio walioshiriki naye hatari yake.

Hannington alizaliwa tarehe 3 Septemba 1847 katika kijiji cha Hurstpierpoint, jimbo la Sussex, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye duka kubwa katika mji wa Brighton, na mali ya nyumbani haikuwa haba. Kijana alikuwa mtundu. Siku moja alitengeneza fataki ya baruti mbichi ili awafukuze nyigu katika kiota chao. Baruti ikalipuka, na kidole gumba cha mkono wa kushoto kikaondoka. Kazi zote za mikono alizozifanya baadaye, kushika bunduki, kukwea majabali na kubandua vimea vyembamba kutoka katika gome, alizifanya kwa vidole tisa.

Alipotimiza miaka 15 alitolewa shuleni akatiwa katika afisi ya hesabu ya duka la baba yake. Alikaa humo miaka sita bila kuipenda kazi hata siku moja. Kilichomfurahisha katika miaka hiyo ni kikosi cha mizinga cha askari wa kujitolea wa Sussex, ambamo alipata kamisheni mwaka 1864, naye bado kijana wa miaka 16 au 17. Wasomaji wetu watatambua kwamba mafunzo ya mzinga humzoeza mtu kupima umbali, kutazama ardhi, na kuandika alichokiona kabla hajakisahau. Hatusemi kwamba mizinga ndiyo iliyomfanya mpenzi wa mimea, maana mapenzi ya mawe, makombe na majani alikuwa nayo tangu utotoni. Lakini tabia ya kuandika mahali na tarehe ni tabia ya afisa.

Mwaka 1868 aliacha duka akaingia chuo kikuu cha Oxford. Mwaka 1874 akapewa daraja la ushemasi na kupelekwa Martinhoe, pwani ya Devon, mahali pa majabali yaliyoinama juu ya bahari, pepo kali na ukungu mwingi. Huko alipita kila penye njia na pasipo na njia. Yeye na rafiki zake walijichongea vijia vya kushukia katika mapango ya chini ya majabali. Mwaka uliofuata alirejea kijijini kwao Hurstpierpoint kulisimamia kanisa dogo, na mwaka 1877 akamwoa Blanche Hankin-Turvin.

Hapa ndipo panapoingia mtu wa pili wa habari hii. Katika kijiji hicho hicho aliishi muuza dawa jina lake William Mitten, aliyezaliwa mwaka 1819. Mchana alipima dawa na kufunga chupa. Saa nyingine zote alikuwa mbele ya darubini yake ya kukuzia vitu, akitazama vimea vya magomeni na vya mawe ambavyo wasafiri walimletea kutoka India, Amerika ya Kusini na visiwa vya mbali. Kijiji kile kidogo kilikuwa kama makao makuu ya elimu hiyo duniani. Alfred Russel Wallace, mtaalamu mashuhuri wa viumbe aliyefikia peke yake wazo lile lile la Charles Darwin juu ya kubadilika kwa viumbe, alimwoa binti wa Mitten mwaka 1866. Kwa hiyo Hannington hakuhitaji kwenda London kumtafuta mwalimu. Muuza dawa alikuwa jirani yake.

Tueleze kidogo ni kitu gani hasa hicho ambacho Mitten alikitazama. Zulia la kijani lililo juu ya gome si mmea mmoja. Ukilibandua kiasi cha ukucha na kulitazama kwa kioo cha kukuzia, utaona vishina vingi vilivyosimama kama askari katika gwaride, kila kimoja na vijani vyake. Havina maua, havina mbegu, wala havina mizizi ya kweli. Vina nyuzi tu za kujishikizia. Huzaana kwa chembe ndogo kama vumbi, zinazokaa katika vifuko vilivyoinuliwa juu ya vikonyo vyembamba na kupeperushwa na upepo kifuko kinapofunguka. Maji huyapokea kwa majani yenyewe. Na la ajabu kuliko yote, vingi vyao vinaweza kukauka hata vikavunjika kwa kidole, vikakaa hivyo kiangazi kizima, kisha mvua ya kwanza ikinyesha vikafunguka na kuwa kijani tena katika muda wa dakika chache. Mahindi hayawezi jambo hilo. Hata mvule wenyewe hauliwezi.

Kwa sababu hiyo vimea hivi ni mzigo mwepesi kwa msafiri. Ua la bonde huoza lisipokandamizwa vizuri, lakini kimea cha magomeni hutiwa katika karatasi iliyokunjwa, huandikwa juu yake mahali, tarehe, na kama kilitoka katika mti au jiwe, kisha huachwa kikauke chenyewe. Miezi mingi baadaye mtaalamu hukitia tone la maji, nacho hulegea na kunyoosha majani yake yapate kutazamwa.

Okidi ni habari nyingine. Katika karne hiyo ya 19 matajiri wa Ulaya walishikwa na wazimu wa kufuga mimea ya magomeni katika nyumba za vioo. Daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, alikuwa amegundua kwamba mmea ukifungiwa katika sanduku la kioo lisilopitisha hewa huyanywa tena na tena maji yake wenyewe, na kwa sanduku hilo kangaga na mimea mingine mingi ilivushwa bahari ikiwa hai. Walakini kufika hai si kuishi. Kwa miaka mingi okidi zilizopelekwa Uingereza zilikufa kwa maelfu, kwa sababu wafugaji walidhani kwamba kila kitokacho nchi za joto kinataka joto kali na mvuke usio na upepo. Wakazifungia, zikaoza. Zilipokufa waliagiza nyingine. Katika milima ya Kolombia wawindaji wa okidi walikata maelfu ya miti ili wachume tu kilicho juu ya matawi, na wengine waliharibu zile walizoziacha ili mshindani asizipate.

Hannington hakuwa mtu wa namna hiyo. Alichukua kiasi cha kujaza karatasi, mti akauacha umesimama. Tunalitaja jambo hili kwa sababu lina kazi hata leo. Okidi zote za porini zimo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uliotiwa saini Washington mwaka 1973. Kenya iliuridhia mwaka 1978, na Uganda ikajiunga mwaka 1991. Kwa hiyo okidi ya porini haivushwi mpaka wa Busia au Malaba bila kibali, hata ikiwa ndogo kama kitufe cha sare na imefichwa katikati ya miche ya mapera. Polisi anayejua okidi inafananaje, mizizi yake minene ya rangi ya fedha na vijiti vyake vilivyovimba kama vitunguu vidogo, ana faida juu ya asiyejua.

Na anayetaka kufuga mmea wa magomeni kwa njia halali, kutoka kwa mkulima mwenye kibali, asirudie kosa la wale wa nyumba za vioo. Asiupande udongoni katika kopo, kwani mizizi iliyozoea hewa huoza. Aufunge kwa uzi wa katani juu ya kipande cha gome gumu, autundike mahali penye kivuli chepesi na upepo, aunyunyizie maji ya mvua asubuhi, auache ukauke kabla ya usiku. Baada ya miezi michache mizizi mipya itashika gome, na uzi unaweza kukatwa.

Turudi kwa Hannington. Mwaka 1882 alijitolea kwenda Afrika na chama cha wamisionari wa Kanisa la Kiingereza. Aliwasili Unguja mwezi Juni mwaka huo akiwa kiongozi wa kundi dogo lililokusudia kufika Buganda kwa njia ya zamani: kutoka pwani kupitia Usagara na Mpwapwa hadi Uyui karibu na Tabora, kisha kaskazini mpaka kusini mwa Ziwa. Katika milima ya Usagara alikusanya vimea vingi. Msafara ukipumzika, yeye hupumzika kwa kwenda porini. Kuna wakati alitumbukia katika shimo la kutegea wanyama huku bunduki yake ikiwa imejazwa risasi, akatoka na michubuko tu.

Lakini mwili haukufuata roho. Homa na kuhara damu vilimshika vikamwangusha, na baada ya kufika Ziwani ikawa lazima arudi. Wapagazi walimbeba katika machela njia yote hiyo ndefu. Mwezi Juni 1883 alikuwa tena Uingereza, amekonda, na vifurushi vya karatasi kwa ajili ya Mitten.

Mtu mwingine angetosheka. Yeye alipona, na tarehe 24 Juni 1884 akawekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa nchi ambazo Kanisa lake liliziita Afrika Mashariki ya Ikweta. Januari 1885 alikuwa Mombasa. Mwezi Machi alikwisha kufika Uchagani, kwa Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara. Huko aliukuta msitu wa mlima Kilimanjaro, ambao kwa mpenzi wa vimea hivi ni ghala lisilo mlango. Mawingu hugota katika mlima, ukungu hukaa katika matawi siku nzima, na kila tawi huvaa ndevu za kijani.

Wakati huo hakuna aliyejua kazi ya ndevu hizo. Karibu miaka 100 baadaye mtaalamu wa Hungaria, Tamás Pócs, alipima vimea vya magomeni katika msitu wa milima ya Uluguru, juu ya Morogoro, na mwaka 1980 akatangaza aliyoyapata. Katika mvua moja zulia hilo hushika maelfu ya lita za maji kwa kila hekta, kisha huyaachia polepole. Mto unaotoka katika msitu kama huo haukauki mara moja kiangazi kikiingia. Kijito kinachoanzia Elgoni na kushuka hadi tambarare za Tororo na Busia kinaanza safari yake, kwa sehemu, katika vijani ambavyo kuni ya mkata miti huvikausha bila yeye kujua kwamba vilikuwepo.

Tumefika katika safari ya mwisho. Mwaka mmoja na nusu kabla yake Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, alikuwa amepita Umasaini na kufika mwambao wa Ziwa katika nchi ya Wasamia, mwezi Desemba 1883. Thomson hakuendelea kuingia Busoga. Alipopata habari kwamba watawala wa Buganda hawapendi mgeni aje kwa mlango wa nyuma, alizisadiki akageuka. Hannington alijua kwamba njia hiyo ni fupi, ina hewa nzuri zaidi kuliko ile iliyomuua nusu, na haipiti katika nyika za homa. Hayo yote yalikuwa kweli. Tarehe 23 Julai 1885 aliondoka Rabai na wapagazi wapatao 200. Pamoja naye alikuwa William Jones, Mwafrika aliyeokolewa utotoni katika utumwa, akasomeshwa India, na ambaye Hannington mwenyewe alikuwa amempa daraja la ushemasi miezi miwili kabla.

Walipita Ukambani na Ukikuyu kwa njaa na mapigano madogo, wakapita Naivasha, wakalipita lile ziwa la maji ya moto ambalo Wazungu waliliita Ziwa Hannington kwa miaka mingi na ambalo sasa linaitwa kwa jina lake, Bogoria. Mapema Oktoba walikuwa Kwa Sundu, ndiyo Mumias ya leo, katika himaya ya Nabongo Mumia wa Wanga.

Tarehe 12 Oktoba Hannington alimwacha Jones Mumias na sehemu kubwa ya msafara, akachukua watu 50, akaelekea magharibi. Hapo ndipo alipoingia katika nchi tuliyoianza habari hii. Asije msomaji akadhani kwamba alivuka mpaka. Hapakuwa na mpaka. Mstari unaokata Busia mbili na kuuacha Tororo upande mmoja ni wa baadaye. Hata ulinzi wa Waingereza ulipoanza, nchi hii yote mpaka upande wa Naivasha ilihesabiwa kuwa Uganda, hadi tarehe 1 Aprili 1902 ulipohamishwa mkoa wa mashariki na kutiwa katika himaya ya Afrika Mashariki iliyokuja kuwa Kenya. Mwaka 1885 palikuwa na Mto Nzoia, Mto Sio, vilima vya Samia, mashamba ya wimbi, vijiji vyenye boma, na mivule. Ilikuwa mvua za vuli, wakati ambao mimea ya magomeni inakuwa imefunguka yote.

Mtu huyo aliyekuwa na uwezo wa kuona tofauti ya vijani viwili visivyofikia urefu wa punje ya mtama alipita katika nchi hiyo bila kuiona hofu iliyokuwa mbele yake. Hatuna jina jingine la kuliita jambo hilo ila upofu, nao si wa macho. Mwezi Februari mwaka huo huo Kaisari wa Ujerumani alikuwa ametoa hati ya ulinzi juu ya nchi ambazo Karl Peters alizidai, na Usagara, milima ile ile ya vimea vyake, ilikuwa mojawapo. Mwezi Agosti manowari za Wajerumani zilitia nanga mbele ya jumba la Sultani wa Unguja na kuelekeza mizinga. Habari hizo zilifika Mengo. Mwanga alikuwa kijana wa miaka 17 hivi, amekalia kiti kwa mwaka mmoja tu, na wazee wake walimkumbusha imani ya siku nyingi kwamba atakayeila Buganda atatokea mashariki, upande wa Busoga. Wamisionari waliokuwa Buganda walijua hatari hiyo, na Alexander Mackay alijitahidi kuonya. Askofu aliendelea.

Tukilitazama jambo hili kama watu wa jeshi, na si kama waandishi wa sifa, ni vigumu kulitetea. Aligawanya nguvu zake katika nchi asiyoijua. Hakutuma mjumbe mbele kuomba ruhusa ya mwenye mlango, naye alikuwa akipita katika mlango ambao mtawala yeyote mwenye akili angeuwekea walinzi. Hatusemi kwamba Mwanga alitenda haki. Kumuua mgeni aliyefungwa, pamoja na wapagazi wasio na kosa, ni unyama. Tunasema tu kwamba hofu ya Mwanga haikuwa ya kijinga. Katika muda usiofika miaka kumi nchi yake ilikuwa chini ya Waingereza, naye mwenyewe akafia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903.

Tarehe 21 Oktoba Hannington alifika kwa Lubwa, mkuu wa Bunya katika Busoga. Ni kwa Lubwa huyo huyo ambako mwaka 1897 askari wa Kisudani waliasi, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine. Alikamatwa siku ile ile, akaburutwa, akatiwa kibandani. Wajumbe wakaenda Mengo na kurudi. Alikaa siku nane, mgonjwa, akiandika katika kijitabu kidogo kwa maandishi membamba, kama alivyoandika juu ya karatasi zake za vimea. Tarehe 29 Oktoba 1885 alitolewa nje akauawa, naye ana umri wa miaka 38.

Wapagazi wake waliuawa siku hiyo hiyo. Katika wale 50, wachache tu waliponea na kurudi Mumias kumwambia Jones. Jones alisubiri, akahakikisha, kisha akauongoza msafara uliobaki hadi pwani, akawasili Rabai mwezi Februari 1886. Kwa maoni yetu safari hiyo ya Jones, ya kuwarudisha watu waliovunjika moyo kwa njia yenye njaa, bila kiongozi wao mkuu na bila kuutawanya msafara, ni kazi ya uongozi iliyopita nyingi zilizopigiwa tarumbeta. Mifupa ya Hannington ilipatikana baadaye ikapelekwa Mumias, na askofu Tucker akaichukua kwenda Buganda. Ilizikwa Namirembe tarehe 31 Desemba 1892, na Mwanga mwenyewe alihudhuria. Mwanawe, Joseph, alikuja akafanya kazi Busoga, katika watu wa nchi ile ile.

Wale wapagazi hawana kaburi linalojulikana. Wengi wao walikuwa watu wa pwani na wa Rabai. Wao ndio waliobeba vyakula, ushanga, nguo na hema, na katika safari za askofu huyo walibeba pia vile vifurushi vyepesi vya karatasi, ambavyo pengine viliwashangaza kuliko mizigo yote. Elimu ya mimea ina desturi ya kumheshimu aliyekusanya kwa kuandika jina lake. Haina desturi ya kumwandika aliyebeba.

Huko Hurstpierpoint muuza dawa alikuwa na karatasi za Usagara na za Kilimanjaro. Alizifungua moja moja, akatia maji, akatazama, akachora, akaeleza. Mwaka 1886 maelezo yake yalichapishwa London katika jarida la Linnean Society, chama cha wataalamu wa viumbe ambacho Hannington alikuwa mwanachama wake, na kichwa cha habari kikataja kwamba vimea hivyo vilikusanywa Afrika na marehemu askofu. Ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa juu ya vimea hivyo katika nchi zetu, na wataalamu wanaoandika orodha za misitu ya Tanzania, Kenya na Uganda hawana budi kuyarudia mpaka leo. Mitten aliendelea na kazi yake hiyo katika uzee wake, akafa mwaka 1906. Mkusanyo wake wote ulinunuliwa na Bustani ya Mimea ya New York, ukavushwa bahari, maelfu kwa maelfu ya bahasha zilizokunjwa, kila moja na kimea chake kikavu, na juu yake mahali kilipotoka.